Kimo Nilichokupimia

Garsen, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Nimekaa hapa barazani tangu mlipotoka, wewe na mamako, kwenda kutafuta begi lenye zipu inayofunga. Najua mtachelewa, maana mamako hanunui kitu mpaka aulizie maduka yote kisha arudi lile la kwanza. Kwa hiyo nafasi ninayo. Kuna jambo ambalo siwezi kukwambia uso kwa uso. Nikianza tu nitaingiza mzaha, nawe utacheka, tutaishia hapo kama siku zote. Nimeona bora niliandike.

Habari za neti, za maji ya kuchemsha, za kutomfungulia mtu usiyemjua na za kupiga simu kila Ijumaa, mamako amekwisha kukueleza mara tatu na kesho atazirudia basi likiwa linanguruma. Mimi hizo nazipita. Wewe ni mtu mzima, una cheti chako na barua yako ya kazi, na neti unajua kufunga.

Jana mlikuwa jikoni mkikuna nazi, nami niko nyuma ya ukuta nanoa kisu. Nilikusikia ukimweleza mamako kwamba pikipiki waliyokuonyesha kule Bura ni ndefu, ukiikalia miguu haitui chini, vinagusa vidole tu. Ukasema, "Mama, watanicheka. Wataona katoto kametumwa kuwachanja ng'ombe." Mamako akakujibu jambo kwa lugha ya kwao, ukacheka kidogo, mkaendelea na nazi. Mimi nikaacha kunoa. Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Hukuyaokota chuoni wala njiani. Uliyasikia kwangu, mbele ya watu, nami sijapata kukuomba radhi mpaka leo.

Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Ila niruhusu nilifikie kwa kuzunguka kidogo, maana mimi ni dalali na sijazoea kutaja bei mwanzo.

Unajua kwamba nilitoka Kipini nikiwa kijana, nikaja hapa kwa binamu yangu aliyekuwa na bucha. Usichokijua ni jinsi nilivyokuwa. Kimo changu ndicho hiki unachokiona, sijapungua. Siku ya kwanza nilipoingia mnadani nikawakuta hawa wajomba zako, Mungu kawanyoosha, wamesimama wima na fimbo mabegani, nami nikawa natazama makwapa yao tu. Ng'ombe wenyewe niliwaona kwa kuchungulia katikati ya miguu ya watu. Haikupita wiki wakanipa jina. Waliniita Robo, kwa sababu nusu waliiona nyingi.

Nilicheka nao. Ukiwa mfupi unajifunza kucheka mapema kabla hujachekwa zaidi, hilo hukufundishwa, ulizaliwa nalo. Lakini ndani niliumia, wallahi niliumia sana. Nikakata shauri kwamba nitakuwa mkubwa kwa namna yoyote ile. Nikapandisha sauti, nikawa nazungumza na mtu wa karibu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Nikanunua koti la mtu mwingine, refu, mikono yake naikunja mara mbili, katika joto hili letu. Na mnyama niliyemchagulia mnunuzi alikuwa siku zote yule mkubwa kuliko wote. Mtu akinituma ng'ombe wa arusi namletea mlima. Sikuuliza anakula nini, ametoka wapi wala ana umri gani. Nilitaka watu waseme, tazama dume aliloleta Robo.

Halafu vikaja viatu. Palikuwa na fundi pale Tarasaa, hodari wa kukata soli za tairi. Nilimpelekea viatu vyangu vyeusi nikamwambia aongeze soli. Akaongeza moja. Nikavaa, nikajitazama, nikamwambia bado. Akaongeza ya pili, na ya tatu, na ya nne aliiweka huku akiniambia kwamba yeye hatahusika nikianguka. Nikarudi Garsen nikiwa mtu mwingine. Kwa siku tisa nilitembea mnadani kwa hatua za bwana harusi, na hata binamu yangu aliniuliza kama nimenenepa.

Siku ya kumi ikanyesha. Nawe unaujua udongo wetu. Ikinyesha mvua hapa kila mtu anaongezewa kimo bila kwenda kwa fundi, unakanyaga mara mbili na tayari una soli mpya. Siku hiyo nilikuwa na mnunuzi kutoka Malindi, na nimemshikia dume jeusi ambalo sijapata kuona mfano wake. Tumbo hili, pana, linameta. Kumbe walikuwa wamelilambisha chumvi usiku kucha, asubuhi wakalifikisha majini, likanywa mpaka likajaa pande zote. Ni ujanja wa zamani, kila mchungaji anaujua, na dalali wa wiki ya kwanza angeliona hilo kwa jinsi linavyokojoa. Mimi sikuona. Niliona ukubwa tu.

Sijui ni nini kilichoshtua lile dume, labda honi ya lori. Liligeuka. Wenzangu wote wakaruka pembeni, nami nikataka kuruka, miguu haikutoka. Viatu vilikuwa vimezama na matope yamevikamata. Nikabaki nimesimama pale na koti langu, mrefu kuliko nilivyopata kuwa, na dume linanijia. Hatimaye miguu ilichomoka viatu vikabaki. Nilipiga hatua mbili peku, likanigonga ubavuni, nikaruka nikaangukia samadi.

Mbavu mbili. Wakanipeleka hospitali ya Ngao, nikalazwa. Siku ya tatu, muda wa wageni, aliingia msichana mrefu hata akainama mlangoni. Nilimfahamu kwa uso tu, alikuwa akiuza maziwa kando ya uzio wa mnada. Mkono mmoja ameshika kibuyu cha maziwa. Mkono wa pili ameshika viatu vyangu, amevichimbua na kuviosha. Akaviweka chini ya kitanda, akavitazama, akanitazama mimi. Hakucheka. Akasema, "Wewe hapana angalia ng'ombe. Wewe naangalia wewe mwenyewe tu."

Ndiye mamako. Amenambia maneno mengi tangu siku hiyo, mengine makali, lakini hakuna lililoniingia kama hilo.

Nilipotoka hospitali alinifundisha kutazama. Si kwa darasa, ni kwa kunicheka taratibu kila nilipokosea. Alinifundisha nianze na mgongo na shina la mkia, nitazame manyoya, nitazame anavyocheua, nikae kimya mpaka mnyama asahau kwamba nipo. Nilivua koti. Nikaacha kupiga kelele, na kwa kuwa sipigi kelele watu wakaanza kunisogelea ili wanisikie. Sikuwa tajiri, unaona nyumba yetu ilivyo, lakini nimeheshimiwa hapa kwa miaka mingi na bado naitwa Robo. Jina limebaki, kejeli imeondoka. Wapo vijana wanaodhani ndilo jina nililopewa na wazazi.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, ile picha ya arusi iliyoko sebuleni, ambayo mimi na mamako tunalingana mabega, nilisimama juu ya tofali. Mpiga picha alilikata chini. Mamako alikubali kwa sharti moja, kwamba nisije nikamdanganya mtoto wake. Nimechelewa miaka ishirini na mitano, lakini sasa umejua.

Sitakwambia kwamba kimo hakina maana. Watu wanasema hivyo kumliwaza mtu, na wanaosema aghalabu ni warefu. Kina maana. Ukiingia ofisini na mtu mrefu, karani atamsalimu yeye kwanza, hata kama mwenye shida ni wewe. Kwenye mkutano utainua mkono na mwenyekiti hatauona. Kuna madume ambayo mimi peke yangu siwezi kuyashika, na sijaribu tena, namwita mtu. Kuna siku nilikosa kazi ya kusimamia malori ya ng'ombe kwa sababu mwenye malori alitaka mtu wa kutisha, na mimi simtishi hata kuku. Mambo hayo yatakukuta Bura. Watu wa mashambani wana mbuzi wao na ng'ombe wachache, wafugaji watakuja na makundi, na wote wataitazama kofia yako kabla ya kuutazama uso wako. Watacheka, ndiyo. Wiki moja, labda mbili.

Lakini nimeona pia mahali ambapo hakina maana hata kidogo. Unajua tunavyopatana bei mnadani, mikono imefunikwa shuka, mtu anambonyeza mwenzake vidole na walio karibu hawaambulii kitu. Mara ya kwanza niliposhikana mkono na mzee mmoja chini ya shuka, nilihisi vidole vyake vinatetemeka. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu, anayeogopwa na kila mtu, na alikuwa anaogopa kuliko mimi. Tangu siku hiyo, mtu mkubwa akinijia, mimi najiuliza tu vidole vyake vikoje.

Na ile pikipiki, mwanangu, kiti chake kinapunguzwa. Fundi anafungua, anakata sponji, anafunga. Ni kazi ya nusu saa. Usione haya kumwomba. Mimi nilijiongeza miguu, nikaumia. Wewe shusha kiti ukae vizuri.

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Unamkumbuka Dimtu, yule ng'ombe mwekundu wa mamako, alipokwama kuzaa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ndama alikuja kwa mgongo, na mjomba wako Godana alijaribu mkono wake ukakwama kiwikoni, na kaka yako Barisa akajaribu akashindwa, na sote tumeanza kuzungumza habari ya kisu. Wewe ukanawa mikono kwa sabuni, ukapaka mafuta, ukaingiza mkono wako, ukafumba macho. Sijui ulitafuta muda gani. Ndama akageuka, akatoka, mtamba. Watu wa hapa wanapenda kuhadithia kisa hicho, na kila anayehadithia anasema, ah, mkono mdogo ule, Mungu ana hekima yake.

Mimi nilikuwepo, na si hivyo. Asubuhi ya siku ile ulikuja ukaniambia kwamba Dimtu anasimama vibaya. Nikakwambia uende shule. Ulikwenda, ukarudi saa sita ukaniambia tena. Mikono midogo iko mingi Garsen, kila nyumba inayo. Aliyemtazama yule ng'ombe tangu alfajiri alikuwa mmoja. Uligeuza ndama kwa sababu ulikuwa umeshamfikiria siku nzima jinsi alivyolala mle ndani. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikalijua, na ndiyo maana kosa langu la baadaye halina udhuru.

Ulipomaliza kidato cha nne alikuja afisa wa mifugo mnadani, anatafuta kijana wa kumsaidia katika chanjo, na akionyesha bidii atapelekwa kusomea kazi hiyo. Alikuja moja kwa moja kwangu. Wewe ulikuwa hapo hapo, umeshika kamba ya mtamba. Alikutazama, akaniuliza, "Huyu anajua ng'ombe?" Watu wamenizunguka, Godana yupo, wachuuzi wapo, wote wananingoja.

Nikasema, "Huyu mdogo. Huyu ng'ombe watamkanyaga tu. Chukua kaka yake."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Wewe ukamfunga mtamba kwenye uzio, fundo zuri, ukasema, "Sawa, Baba," ukaenda nyumbani.

Barisa alikwenda. Alivumilia miezi miwili, akarudi akisema hawezi harufu. Hata simlaumu, yeye hakuomba, nilimsukuma kwa sababu ni mrefu. Leo anaendesha lori lake, amefurahi, na kila mlango wa nyumba hii una alama ya paji lake. Wewe ulikaa miaka miwili ndani ya kibanda cha kuchaji simu pale stendi. Miaka miwili, Rukia. Nilipita hapo kila siku, nikakununulia chai, tukataniana. Hukuninunia hata mara moja. Kisha ukajaza fomu mwenyewe, ukakubaliwa chuo mwenyewe, na siku uliyoniletea barua ya kukubaliwa uliisoma kwa sauti huku ukinitazama, kuona kama nitasema kitu. Nikasema, "Hongera." Nilikuwa na jambo jingine la kusema, nikaliahirisha. Nimeliahirisha mpaka leo.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile. Si kwamba sikukuamini. Nilipokutazama pale umeshika kamba, nilijiona mimi. Niliona matope na koti na watu wanacheka, na nikaogopa kwamba watakufanyia vile walivyonifanyia. Basi nikaona afadhali nikucheke mimi kwanza, kwa upendo, kabla hawajakucheka wao. Ujinga mtupu. Nilidhani nakukinga, na ile dhihaka niliyokukinga nayo ndiyo pekee iliyokufikia. Wao hawakuwa wamesema kitu. Yule afisa alikuwa ameuliza swali zuri tu, na jibu lake lilikuwa ndiyo.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara mbili na kulikata, kwa kuwa lilionekana kavu. Sina jingine. Nisamehe, mwanangu. Nilikupima kwa kimo changu mimi, na hata hicho nilikuwa nimekipima vibaya.

Leo ilikuwa siku ya mnada. Umeona nimetoka mapema bila chai, mamako akauliza naumwa nini. Nilikwenda pale pale kwenye uzio. Nikangoja mpaka watu wajae, nikawaita. Kulikuwa na jiwe zuri karibu na sikulipanda. Nikawaambia kwamba miaka kadhaa iliyopita, mahali hapa, nilisema neno juu ya binti yangu, kwamba ng'ombe watamkanyaga, na nimekuja kulifuta, kwa sababu halikuwa kweli nilipolisema na nilijua. Nikawaambia kesho anakwenda Bura kuwa daktari wa mifugo. Wengi hawakukumbuka. Mchuuzi mmoja wa mbuzi akasema hayo ni ya zamani, tuendelee na kazi. Nikaona aibu kidogo, nikadhani nimejisumbua bure.

Mjomba wako Godana hakuwa amesahau. Alikuwa ameegemea uzio, akasema, "Mimi nakumbuka. Hata mkono yake kwa kamba nakumbuka." Kisha akaniuliza, "Na mtoto unampa nini?"

Nimekaa na wakwe zangu miaka hii yote, ilinipasa nijue. Kwao, ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, humalizi kwa mdomo. Unatoa mnyama, naye anakuwa wa yule uliyemkosea, na uzao wake ni wake. Sikubishana. Nilisema nitatoa. Godana akaniuliza mnyama yupi, nikasema nitamwona nikifika nyumbani. Akaitikia kwa kichwa, na watu wakarudi kwenye biashara zao. Hakuna aliyecheka, na huo ulikuwa uwanja ule ule.

Basi nikarudi, nikaingia zizini peke yangu nikuchagulie. Tunao saba, si haba. Nikawazunguka, nikatazama migongo, nikatazama mikia, nikafanya kila nilichofundishwa. Nilipozinduka nilikuwa nimemfunga kamba yule mweupe mwenye nundu. Mkubwa kuliko wote. Nilicheka peke yangu hadi ubavu ukaniuma, ule ule uliovunjika. Umri wote huu, mke niliyempata, mbavu mbili, na mkono wangu ukiachwa peke yake bado unakwenda pale pale. Nikamfungua.

Kisha nikashika kamba nikafikiri tena, labda yule mweusi mtulivu, au mtamba wa mwaka jana. Ndipo nikaona kwamba hata hilo silo. Kosa langu la siku ile lilikuwa ni kuchagua mahali pako. Wewe ulikuwepo, umesimama, una macho yako, na hakuna aliyekuuliza. Sasa nataka tena kukuchagulia, nikuletee mnyama aliyefungwa, nikwambie pokea.

Nawasikia mnakuja. Mamako anaeleza jambo la begi na hajaridhika. Nitaikunja barua hii niiweke juu ya vitabu vyako, uisome ukipenda leo, ukipenda njiani.

Ila ukiisoma leo, kesho tuamke mapema kidogo, kabla ya basi. Twende zizini wewe na mimi. Nenda uwatazame kwa muda wako, wote saba, uniache nyuma. Nitakuwa mlangoni nimeshika kamba, sitasema neno, nangoja daktari aniambie nimfunge yupi.

Babako